Nane imekwenda wapi? Namba 12345679 kwenye kikokotoo cha Feri

KaraniWaFeri
Jumatatu, saa 3 usiku

Wanajamvi, salaam. Naomba kueleweshwa jambo ambalo linanizunguka kichwani siku ya tatu leo.

Mimi ni karani wa mfanyabiashara wa samaki pale soko la Feri, Kivukoni. Kazi yangu ni kuandika: nani kachukua tenga ngapi, kilo ngapi za jodari, ndoo ngapi za vibua, kalipa nini na anadaiwa nini. Nimeishia darasa la saba, lakini hesabu naipenda tangu utoto, na kutwa nzima mkono wangu uko juu ya kikokotoo. Ni kile cha mezani cha vitufe vikubwa, kioo chake kinachukua tarakimu 12. Jumamosi alfajiri mchukuzi alipitisha tenga la changu juu ya meza yangu, maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi yakakimwagikia chote. Nikakifuta kwa kanga, nikakianika juani. Kufika adhuhuri kikawaka.

Sikutaka kukiamini na pesa za watu kabla sijajaribu kitufe kimoja kimoja. Nikabonyeza 1, 2, 3, nikaenda hivyo mpaka 9. Kwenye kioo ikatokea 12345679. Nikarudia, safari hii nane nikaikandamiza kwa ukucha wa gumba. Hakuna kitu. Nikajua kitufe cha nane kimekufa. Nikasema basi nione kama kuzidisha bado kunafanya kazi. Kidole kilikuwa bado kwenye 9, nikazidisha kwa 9.

Kikaandika 111111111.

Nilidhani ndiyo kimeharibika moja kwa moja. Nikageuza karatasi ya mzigo nikazidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Jibu ni lilelile, moja tisa, hakuna iliyochomoza wala kupungua. Nikarudi kwenye kikokotoo. Ile namba kwa 27, zikatoka tatu tupu. Kwa 36, nne tupu. Kwa 45, tano. Nilipofika 72 nilisimama kwenye kiti: 888888888. Kikokotoo ambacho hakiwezi kuandika nane hata moja ukikibonyeza, kimejaza nane kioo kizima!

Swali langu ni kwa nini inakuwa hivi, na nane ina kosa gani mpaka iachwe peke yake. Maana nimeichukua namba kamili, 123456789, nikaizidisha kwa 9 kwenye simu, nikapata 1111111101. Karibu ipendeze, lakini imeharibika mwishoni. Iliyopungukiwa ndiyo iliyonyooka. Anayejua anisaidie, taratibu tafadhali.

KijanaWaTandika
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Dada nimejaribu na 63, saba tupu! Nikawaonyesha jamaa hapa kijiweni, hakuna aliyesadiki mpaka kila mmoja akatoa simu yake. Nafuatilia huu uzi.

Mzigo_Kariakoo
Jumatatu, saa 3:45 usiku

Nunua kikokotoo kingine dada, hicho kitakupoteza hela za watu.

KaraniWaFeri
Jumatatu, saa 4 usiku

Kaka, kipya nilipewa Jumapili asubuhi, kazi inaendelea vizuri. Hiki nimebaki nacho kwa ajili ya hili swali tu.

MwalimuMstaafu_Temeke
Jumatatu, saa 4:30 usiku

Binti yangu, nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka mingi na nimeona wanafunzi wachache sana waliorudi kwenye karatasi kuhakikisha jibu kwa mkono kama ulivyofanya wewe. Kwa hiyo nitakujibu kwa karatasi.

Wewe ulizidisha. Sasa fanya kinyume chake, gawanya. Andika moja tisa kwa mstari, ugawe kwa 9 kwa njia ndefu, ile ya kushusha tarakimu moja moja.

Moja ya kwanza haitoshi, shusha ya pili: 11. Tisa inaingia mara 1, baki 2. Shusha: 21, inaingia mara 2, baki 3. Shusha: 31, mara 3, baki 4. Kisha 41, mara 4, baki 5. Halafu 51, mara 5, baki 6. Halafu 61, mara 6, baki 7. Halafu 71, mara 7, baki 8.

Weka kalamu chini kwanza, utazame ulichoandika. Kila hatua baki imelizidi jibu kwa moja. Jibu 1 baki 2, jibu 2 baki 3, mpaka jibu 7 baki 8. Sasa shusha moja ya mwisho: 81. Kwa mwendo huo ulipaswa kuandika 8, na baki iwe 9. Lakini unagawa kwa 9! Baki ya 9 hairuhusiwi kukaa hapo, kwa sababu yenyewe inatosha kugawiwa mara moja tena. Kwa hiyo ile 8 inaongezewa moja inakuwa 9, baki inakuwa sifuri, na hesabu inafungwa.

Nane haikutupwa. Ilifika kwenye zamu yake, ila ilifika ikiwa na mzigo wa mtu wa nyuma yake, ikalazimika kupanda. Ndiyo maana kwenye jibu unaona 7 kisha 9.

Na kwa nini moja ziwe tisa, zisiwe nane au kumi? Unaikumbuka kanuni: jumla ya tarakimu ikigawanyika kwa 9, namba nzima inagawanyika kwa 9. Moja tisa zikijumlishwa ni 9. Moja nane zingekuachia baki ya 8, na ungekaa unaingoja hiyo moja ya mwisho.

Hayo mengine ya tatu tupu na nane tupu ni tawi la hilohilo. 27 ni 9 mara 3, kwa hiyo unapata moja tisa kisha unazizidisha kwa 3. Na 72 ni 9 mara 8.

KaraniWaFeri
Jumanne, saa 1:15 usiku

Shikamoo mwalimu. Mimi nakaa Kigamboni, leo jioni nimeigawa juu ya pantoni nikiwa nimesimama, karatasi nimeiegemeza kwenye ndoo ya mwenzangu. Nilipofika 71 baki 8 nikasimamisha kalamu kama ulivyosema. Nikaiona inakuja. Pantoni lilikuwa halijafika ng'ambo nikamaliza. Nakushukuru sana, hii nimeielewa mpaka mwisho.

Ila nimekuja na lingine. Leo mchana biashara ilipopoa nikaacha kuzidisha kwa 9 na jamii yake, nikazidisha kwa namba ndogo. Kwa 2 nikapata 24691358. Kwa 4 nikapata 49382716. Kwa 5, 61728395. Kwa 7, 86419753. Kwa 8 sikuweza kubonyeza, nikazidisha kwa 4 kisha kwa 2: 98765432.

Angalieni hizo namba. Hakuna tarakimu inayojirudia, sifuri haimo, na kila moja imeacha tarakimu moja nyuma. Ya 2 haina 7. Ya 4 haina 5. Ya 5 haina 4. Ya 7 haina 2. Ya 8 haina 1. Na ile ya kwanza, ambayo ni kama kuzidisha kwa 1, haina 8. Nikaandika pembeni: 2 na 7, 4 na 5, 5 na 4, 7 na 2, 8 na 1, 1 na 8. Kila jozi ukijumlisha unapata 9!

Lakini 3 na 6 zimekataa. Kwa 3 inatoka 37037037, kwa 6 inatoka 74074074. Hapo nimekwama.

FundiCherehani_Buguruni
Jumanne, saa 2 usiku

Dada hongera. Mimi siyo mtu wa hesabu nyingi, ila hilo la 37037037 nimelitazama kama kitambaa chenye ua linalorudi kila baada ya hatua tatu. Moja tisa zikate vipande vya tatu tatu: 111, 111, 111. Ni 111 iliyochapwa mara tatu, yaani 111 mara 1001001. Sasa 111 ni 3 mara 37. Na 1001001 nayo inagawanyika kwa 3, maana tarakimu zake zikijumlishwa ni 3, inatoka 333667. Zile 3 mbili zikikutana ndiyo 9 yako. Ukiziondoa zote mbili inabaki 37 mara 333667, nayo ndiyo 12345679. Ukiondoa moja tu, inabaki 37 mara 1001001, yaani 37 iliyochapwa mara tatu: 37 037 037.

Hizo mbili zilizobaki, 37 na 333667, ni namba tasa, hazikatiki tena.

KaraniWaFeri
Jumanne, saa 2:20 usiku

Fundi, umenikatia vizuri. Nimezidisha 37 kwa 333667 kwa mkono hapa mezani, imetoka. Bado nauliza hizo jozi za 9.

BintiMlimani
Jumanne, saa 4 usiku

Mwalimu shikamoo, na dada karani shikamoo. Nasoma hisabati chuoni mwaka wa pili, na huu uzi nimeusoma mara mbili. Hizo jozi zina maelezo ambayo unaweza kuyafanya kwa kete.

Chimba mashimo tisa mchangani kwa mviringo, uyape majina kuanzia 0 mpaka 8. Hayo ni mabaki yote yanayoweza kutokea ukigawa kwa 9. Weka kete moja shimo la 0, hapo ndipo nyumbani. Kuzidisha namba yako kwa 2 ni sawa na kugawa 222222222 kwa 9. Fanya ile njia ndefu ya mwalimu, lakini fuata baki tu. Kila unaposhusha 2, kete inaruka mashimo mawili mbele: 0, 2, 4, 6, 8, kisha inapita nyumbani inatua 1, halafu 3, 5, 7, na inarudi 0. Miruko tisa, na imekanyaga kila shimo mara moja tu. Ndiyo maana tarakimu hazijirudii.

Sasa tarakimu unayoandika kwenye jibu ni ipi? Ni jina la shimo ambalo kete inaliacha. Isipokuwa mruko huo ukifika nyumbani au ukipita, unaongeza moja, kwa sababu ileile ya mwalimu: baki imetosha kugawiwa tena. Kwa miruko ya mbili, mashimo yanayofika au kupita nyumbani ni mawili tu, 7 na 8. Basi 8 inaandikwa 9, na 7 inaandikwa 8. Mashimo ya 0 mpaka 6 yanajiandika yenyewe. Nani ameandika 7? Hakuna. Shimo la 6 limeandika 6, shimo la 7 limeandika 8.

Fuata kete uone: 0, 2, 4, 6, 9, 1, 3, 5, 8. Ondoa sifuri ya mbele, ni 24691358 yako.

Ukiruka nne nne, yanayofika au kupita nyumbani ni 5, 6, 7 na 8. Yote yanapanda moja, na 5 inabaki bila mwandishi. Idadi ya mashimo yanayopanda ni sawa na urefu wa mruko, kwa hiyo pengo daima liko kwenye 9 toa mruko. Hiyo ndiyo jozi yako ya 9.

Na 3? Ruka tatu tatu: 0, 3, 6, kisha 0 tena. Kete haikanyagi mashimo mengine hata ukiruka mpaka asubuhi. Inaandika 0, 3, na 6 inapanda kuwa 7: 037, 037, 037. Kosa la 3 na 6 ni kuwa zina kigawo cha shirika na 9. Zile nyingine KKS (kigawo kikubwa cha shirika) yake na 9 ni 1, ndiyo maana zinazunguka mashimo yote.

KaraniWaFeri
Jumatano, saa 12:10 jioni

Mdogo wangu, marahaba. Leo nimechukua vifuniko tisa vya chupa za maji nikavipanga mezani kwa mviringo, na kokoto moja. Vijana wa kuparua samaki wakanizunguka. Mmoja akasema turuke saba saba. Tukaruka: 0, 7, 5, 3, 1, 8, 6, 4, 2. Nikawaandikia kila tarakimu, nikiongeza moja kila kokoto ilipopita nyumbani. Tukapata 086419753. Nikafungua daftari nikawaonyesha jibu la jana. Yule kijana akaomba arudie mwenyewe kwa nane, akaona kokoto inarudi kinyumenyume, 8, 7, 6, 5. Akaondoka nayo mfukoni, ikabidi nitafute nyingine.

MwalimuMstaafu_Temeke
Jumatano, saa 2 usiku

Binti Mlimani, mashimo hayo ningeyajua ningali kazini ningewatoa watoto wote nje ya darasa.

Naongeza jambo litakalomfaa karani katika kazi yake. Hii tisa haina kazi ya kuchezea peke yake. Sisi tulifundishwa kukagua kuzidisha kwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, uzidishe hizo zilizobaki, ujumlishe tena mpaka ibaki moja, ulinganishe na ile ya jibu. Zikitofautiana, jibu lina kosa hakika. Zikilingana, usishangilie bado, kwa sababu kuna makosa ambayo tisa haiyaoni, na mojawapo ni hili: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki.

Ila kosa hilohilo linajitangaza kwa njia nyingine. Ukiandika 63,000 mahali pa 36,000, umezidisha 27,000. Ukiandika 54,000 mahali pa 45,000, umezidisha 9,000. Tofauti daima inagawanyika kwa 9. Kwa hiyo siku daftari likigoma kulingana na pesa ya mkononi, kabla hujamshuku mtu, igawe tofauti kwa 9. Ikigawanyika, kagua kwanza kama kuna tarakimu mbili ulizozigeuza.

Na kuhusu nane, kuna kitu nimekuwa nikikiwaza tangu Jumatatu. Katika Kiswahili chetu moja mpaka tano ni za Kibantu. Sita na saba tumezipata kwa Waarabu, na tisa pia. Lakini saba tulikuwa nayo yetu, mfungate, ndiyo iliyotuachia fungate ya maarusi. Na tisa yetu ni kenda, wazee bado wanaitumia. Nane ndiyo iliyobaki ya kwetu katikati ya saba na tisa za kuja. Haihusiani na hesabu, ila kila nikiiandika 12345679 naikumbuka.

KaraniWaFeri
Jumatano, saa 3 usiku

Mwalimu, hilo la kubadilishana limenigusa pabaya. Mwaka juzi pesa ilipungua 27,000 kuliko daftari langu na mchukuzi mmoja akanyooshewa kidole, nami nilikaa kimya. Jioni hii nilivyosoma ujumbe wako nimetoa daftari lile kabatini. Nimelipata kwa dakika kumi: ukurasa wa vibua, 63,000, na risiti yake bado imebanwa hapohapo, 36,000. Mkono wangu. Kesho alfajiri nitamtafuta pale mnadani nimwambie mbele ya waliokuwepo.

KijanaWaTandika
Jumatano, saa 3:30 usiku

Mungu akusimamie dada.

Mimi nina swali la mwisho. Nimechukua moja tisa nikazizidisha zenyewe kwa zenyewe kwenye kompyuta ya jamaa wa vocha. Imetoka 12345678987654321. Mbona hapa nane ipo, tena mbili?

MwalimuMstaafu_Temeke
Jumatano, saa 4 usiku

Ipange kwa mkono mwanangu. Mistari tisa ya moja tupu, kila mmoja umesogea hatua moja kushoto. Kisha jumlisha safu kwa safu kutoka kulia: safu ya kwanza ina moja moja tu, ya pili zipo mbili, ya tatu tatu, mpaka ya katikati yenye tisa, kisha zinapungua. Hakuna safu iliyofika 10, kwa hiyo hakuna cha kubeba, na nane zinakaa kwa amani pande zote mbili. Sasa ongeza moja ziwe kumi, uzidishe zenyewe kwa zenyewe. Usitumie mashine.

KaraniWaFeri
Alhamisi, saa 2:40 usiku

Nimeifanya mimi. Karatasi moja haikutosha, nimeunganisha mbili kwa gundi.

Kutoka kulia: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, vizuri kabisa. Safu ya katikati ina kumi: nikaandika sifuri, nikabeba moja. Safu inayofuata ina tisa, na moja niliyobeba, kumi tena: sifuri, nikabeba moja. Inayofuata ina nane, na moja mkononi. Nikaandika 9. Kisha 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1.

1234567900987654321.

Nane ya kulia ipo. Ya kushoto imepanda tena, kwa mzigo uleule. Nikatupa tisa kukagua: tarakimu zote jumla ni 82, 8 na 2 ni 10, inabaki 1. Moja kumi nazo zinabaki 1, na 1 mara 1 ni 1.

Yule mchukuzi nimempata leo. Alikuwa anateremsha tenga kwenye boti. Nimemwonyesha ile risiti, akaishika kwa muda mrefu, kisha akaniuliza niliipataje baada ya siku zote hizo. Nikatoa vile vifuniko tisa kwenye mkoba, tukakaa kwenye ukingo.